Stempu ya Askari Walioshukiwa

Barua ikifika, sisi hukimbilia kuifungua; stempu hatuitazami. Lakini iko moja, iliyotolewa na Posta ya Marekani mwaka 2021, yenye sura ya askari kijana aliyepigwa picha Ufaransa mwaka 1944. Yawakumbuka askari Wamarekani wenye asili ya Kijapani.

Batalioni yao ya kwanza, ya 100 ya askari wa miguu, iliundwa mwaka 1942 kwa vijana wa Hawaii, miezi michache baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Nyuso zao zilifanana na za adui. Kosa lao ni hilo tu. Nasi tunaompima jirani kwa kabila lake kabla hajafungua kinywa, tuwatazame vizuri.

Walipigana Italia tangu Septemba 1943, wakaumia wengi mno. Baadaye waliunganishwa na wenzao wa Rejimenti ya 442. Baadhi ya hao wazazi wao walikuwa kambini nyuma ya seng'enge, miongoni mwa watu wapatao 120,000 waliofungiwa bila kushtakiwa. Hebu tumfikirie mama akisoma barua ya mwanawe kutoka vitani, na langoni askari wa serikali ile ile wanamlinda kwa bunduki.

Serikali iliomba radhi mwaka 1988. Wazazi wengi walikuwa wamekwisha kufa.