Kusuka Mwanga: Hesabu ya Kikapu cha Ngara



Mezani nimeweka vitu viwili. Kimoja ni kikapu chenye mfuniko uliochongoka, cha aina inayosukwa Ngara, Tanzania. Ng'ambo ya Mto Kagera, Wanyarwanda hukiita agaseke, na wamekiweka hata kwenye nembo ya taifa lao. Cha pili ni waya wenye taa 314 za LED. Leo nitaonyesha kwamba anayejua kusuka hicho cha kwanza ameshamaliza sehemu ngumu ya hicho cha pili.

Kila taa kwenye waya huu imebeba vitaa vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, pamoja na chipu ndogo inayovitawala. Kila rangi ina ngazi 256 za ukali, na zikichanganywa hupatikana rangi zaidi ya milioni 16. Watu huziita taa zenye anwani. Kumbe katika aina iliyoenea sana, WS2812B, hakuna taa inayoijua anwani yake. Kidhibiti, yaani kompyuta ndogo, hutuma msururu wa biti kwenye waya mmoja. Taa ya kwanza huchukua biti 24 za mwanzo na kupitisha zilizobaki, ya pili vivyo hivyo, hadi ya mwisho. Ni kama kapu la ndizi mbivu linalopita kwenye benchi: kila mtu huchukua ya juu, akampa jirani. Taa zote 314 hupata fungu lao kabla haijatimia sehemu moja ya mia ya sekunde, nalo jicho huona zimewaka pamoja.

Kwa hiyo kompyuta haijui picha, inajua foleni tu. Kuigeuza foleni iwe picha ni kazi ya mtu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mimi pia nilikwama. Niliukunja waya huu kama gamba la konokono, nikataka kuchora nyota kwa kuwasha kila taa ya kumi. Nyota ikapinda kama moshi. Shangazi yangu, msusi wa vikapu tangu utotoni, alitazama kidogo akaniambia nimehesabu kana kwamba mizunguko yote ni sawa. Kwenye kikapu, alisema, kila mzunguko hudai mishono mingi kuliko uliotangulia. Usipoongeza, ua linalopamba kikapu hulala upande.

Nikashika kalamu. Taa na taa zimeachana sentimita 2, na mzunguko na mzunguko sentimita 2. Nusukipenyo kikikua kwa sentimita 2, mzingo hukua kwa sentimita 12.57, yaani taa 6 na robo hivi. Basi, ukihesabu kutoka katikati, taa fulani iko wapi? Gawanya namba yake kwa pai, kisha tafuta kipeuo cha pili. Taa ya 100 hutoa 5.64: imepita mizunguko mitano, na imefika asilimia 64 ya mzunguko wa sita. Taa ya 314 hutoa 10, ndio mwisho wa waya. Hesabu hiyo ni mstari mmoja tu wa programu. Nilipouandika, nyota ikasimama.

Imebaki habari ya umeme. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula karibu miliampea 60 kwa volti 5. Zote pamoja hufika ampea 19, na hapo chaja ya simu haifui dafu. Siku niliyoziwasha zote, za mwanzo zilikuwa nyeupe na za mwisho zikageuka rangi ya kutu. Programu haikuwa na kosa. Volti zilipungua njiani, na bluu, inayohitaji volti nyingi kuliko nyekundu, hufifia mapema. Dawa ni kuulisha waya kutoka ncha zote mbili na kupunguza ukali.

Watu wa Ngara, na jirani zao wa Biharamulo, hawahitaji kufundishwa maana ya umeme haba. Walitegemea jenereta za dizeli kwa miaka. Leo Rusumo, kwenye Mto Kagera, kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia ya kilovolti 220 inakwenda hadi Nyakanazi, Biharamulo. Umeme upo mlangoni.

Ombi langu ni dogo. Tumezoea kumwita msusi siku ya maonyesho ili tumkope ua, tukalibandika kwenye kazi zetu. Tumkope hesabu. Mwanafunzi wa programu akae wiki ya kwanza na kikapu mapajani, ashone mizunguko kumi, ndipo aguse kompyuta.

Sasa naomba taa za ukumbi zizimwe. Ua mtakaloliona ni la shangazi yangu, na hesabu iliyolisimamisha ni yake pia.