Udongo Mweusi wa Kitulo: Sifa Zake na Nafasi Yake katika Uainishaji

Barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57, na wenyeji huiita kwa idadi hiyohiyo, Hamsini na Saba. Chini yake kumetandaa bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Juu kuna uwanda wa Kitulo, kwenye mwinuko wa takriban mita 2600, wenye nyasi, okidi na baridi inayoangusha sakitu katikati ya mwaka. Huku na kule mchimbaji hukuta udongo mweusi. Ule wa mbugani Usangu hunata wakati wa masika, na kiangazi hupasuka nyufa pana. Ule wa Kitulo ni mwepesi mkononi, hunywa mvua upesi, na jembe huzama ndani yake bila taabu.

Mtu akitegemea macho peke yake, atauweka udongo wa sehemu hizo mbili katika fungu moja. Atakuwa amekosea, na kosa hilo lina gharama shambani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kuainisha udongo ni kutabiri tabia yake: utashika nini, utaachia nini, na utavumilia jembe kwa kiasi gani. Kitulo ni mahali pazuri pa kuithibitisha hoja hiyo, kwa kuwa hapo karibu kila kinachoonekana kwa nje humpotosha mtazamaji.

Weusi wa mbuga hautokani na wingi wa mboji. Mara nyingi mboji yake ni kidogo, na kinachotawala ni mfinyanzi wenye madini yanayovimba yakilowa na kusinyaa yakikauka. Wanasayansi huuita Vatisoli. Historia ya udongo wa Kitulo ni nyingine kabisa. Uwanda umejengwa na lava kongwe, na juu ya lava hizo majivu ya volkano yameshuka awamu baada ya awamu kutoka milima ya jirani. Mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka ipatayo 4000 iliyopita ulirusha mawe mepesi ya povu na majivu mbali sana na kilele chake. Majivu ni kioo kilichosagika, na kioo huoza haraka kikipata mvua ya kutosha. Kinachozaliwa hapo si mfinyanzi wa kawaida wenye fuwele zilizopangika, bali chembe ndogo mno zisizo na mpangilio, zijulikanazo kama alofani, pamoja na alumini iliyofungamana na mboji.

Sifa zote kuu za udongo huu hutoka kwenye chembe hizo. Alumini huikinga mboji isiliwe na vijidudu, na baridi ya mlimani hupunguza zaidi kasi ya kuoza; ndiyo maana tabaka la juu huwa jeusi na nene. Chembe zenyewe hushikana kwa namna inayoacha matundu mengi. Mfumo wa kimataifa wa uainishaji unataka udongo wa aina hii, unaoitwa Andosoli, uwe na uzito usiozidi kilo 0.9 kwa lita moja ya udongo wenye mpangilio wake wa asili, ilhali udongo mwingi wa mashambani huzidi kilo 1.2. Unataka pia alumini na nusu ya chuma, vilivyoyeyushwa kwa oksaleti, vifike asilimia 2, na udongo uwe na uwezo wa kukamata asilimia 85 au zaidi ya fosfati inayowekwa katika kipimo cha maabara. Tabaka zenye sifa hizi, au zile za majivu machanga, lazima zifikishe unene wa sentimita 30 ndani ya mita ya kwanza.

Kipimo cha fosfati kinastahili kukaziwa macho. Mkulima wa viazi mviringo huko Makete akirusha mbolea ya kupandia juu ya shamba zima, sehemu kubwa ya fosfati hunaswa na alumini kabla mizizi haijaifikia. Ardhi ni nyeusi, mboji ni tele, na bado mmea una njaa. Ushauri unaotokana na jina Andosoli ni wa moja kwa moja: mbolea iwekwe kwenye shimo au mfereji, karibu na mbegu, na samadi iongezwe, maana mboji yake hushindania zilezile nafasi ambazo fosfati ingenaswa.

Hata bila maabara kubwa, mtafiti anaweza kupata dalili akiwa uwandani. Udongo kidogo huwekwa kwenye karatasi iliyotiwa fenolfthalini, kisha hudondoshewa floraidi ya sodiamu. Floraidi huing'oa hidroksili kutoka kwenye alumini, pH hupanda kupita 9.5, na karatasi hugeuka nyekundu. Udongo wenye chokaa unaweza kutoa rangi hiyohiyo, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kuanzia tu.

Nyasi nazo zina sehemu yake katika jina. Mfumo wa kimataifa wa uainishaji una tabaka liitwalo melaniki: jeusi, lenye kaboni ya mboji isiyopungua asilimia 6, na ambalo kwa kawaida huhusishwa na mabaki ya mizizi ya nyasi. Lipo na lingine, fuliviki, linalofanana nalo, ila mboji yake ni ya aina nyingine na mara nyingi huandamana na misitu. Hutenganishwa kwa kulinganisha jinsi mboji iliyoyeyushwa inavyofyonza mwanga wa aina mbili. Kwa uwanda ambao watu wanaweza kuubishania kama nyasi zake ni za kale au zimechukua nafasi ya msitu, kipimo hicho ni shahidi wa thamani, ingawa hakitoshi peke yake kuamua.

Wazo la kuusoma udongo wa kilimani pamoja na wa bondeni lina mizizi Tanzania. Mwaka 1935, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alipendekeza neno katena kwa mfuatano wa udongo kutoka kileleni hadi mbugani. Kitulo na Usangu si katena moja kwa maana yake kamili, kwa kuwa miamba na hali ya hewa hubadilika njiani. Hata hivyo maji huziunganisha: uwanda huo, uliotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ni sehemu ya vyanzo vya Ruaha Mkuu, mto unaopita Usangu.

Hapo ndipo kulima hovyo kunapotisha zaidi. Alofani ikikaushwa sana na jua hushikana na kuwa punje ngumu, na uwezo wake wa kushika maji haurudi wote hata mvua ikinyesha upya. Kwa sababu hiyohiyo, sampuli za Kitulo zinazopimwa uwezo wa kushika maji hazipaswi kuanikwa kwanza, kama ilivyo desturi ya maabara nyingi. Husafirishwa zikiwa na unyevu wake, ndani ya mifuko iliyofungwa, na kupimwa hivyohivyo.