Hodi Imehamia Kwenye Simu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wakazi wa tawi moja jijini Dar es Salaam)



Mmenitaka nizungumze juu ya mabadiliko ya desturi zetu katika maisha ya kisasa. Mada ni pana, na Ndugu Mwenyekiti amenipa dakika kumi tu. Kwa hiyo nimechagua neno moja lenye herufi nne. Neno hilo ni “hodi”.

Kwa desturi yetu, mgeni hufika mlangoni, huita hodi, kisha husubiri. Akiitikiwa “karibu”, huingia. Akiita mara tatu pasipo jibu, huenda zake bila kinyongo. Hakuna aliyemwuliza kwa nini hakutoa taarifa, maana hodi yenyewe ndiyo iliyokuwa taarifa, wala haikumgharimu mtu ila pumzi kidogo.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mtu anayetaka kwenda kwa ndugu yake hana budi kupiga simu kwanza. Na kabla ya kupiga simu, adabu mpya inamtaka atume ujumbe wa kuuliza kama anaweza kupiga simu. Ujumbe husomwa saa nne asubuhi, ukajibiwa saa kumi na moja jioni kwa picha ya dole gumba. Mgeni hubaki akitafakari: je, dole hili maana yake ni njoo, au nimekusikia, au yaishie hapo hapo?

Ndugu zangu, mwaka 1970 ulitangazwa nchini mwetu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu waliketi madarasani, na wengine chini ya miembe, wakajifunza kusoma na kuandika ili waachane na aibu ya kutia dole gumba badala ya sahihi. Leo mjukuu wao aliyehitimu Chuo Kikuu, mwenye tasnifu ya kurasa 200, anamjibu mjomba wake kwa dole gumba!

Haya, tuseme kibali kimepatikana. Mgeni anafika, anakuta ukuta, na katika ukuta geti, na juu ya geti maandishi “Mbwa Mkali”, ingawa mbwa mwenyewe amelala kivulini hana habari. Hapo mgeni hutoa tena simu na kusema: “Nipo nje.” Hiyo ndiyo hodi ya leo. Akishaketi, yule aliyekuwa akiomba maji ya kunywa sasa huuliza pa kuchomeka chaja.

Nisije nikaeleweka vibaya. Tangu simu za mkononi zilipoingia nchini katika miaka ya 1990, na hasa tangu mwaka 2008 tulipoanza kutumiana fedha kwa simu, zimewasaidia wengi. Mama aliyeko kijijini hupata fedha ya dawa siku ile ile, bila ya kungoja bahasha kutoka kwa kondakta wa basi. Aidha, hodi za zamani nazo zilikuwa na vituko vyake. Walikuwapo wageni walioijua saa ya kuipua ubwabwa kuliko mpishi mwenyewe. Mama yangu, akiisikia hodi ya jirani mmoja hivi, alikuwa akiongeza kikombe cha maji katika mchuzi kabla ya kuitikia “karibu”.

Lakini hodi ilikuwa na kazi kubwa kupita salamu. Mtaani kwetu mzee mmoja anayeishi na mjukuu wa miaka sita alishikwa na homa, akalala siku nne. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta aliona katika simu kwamba mzee “yupo hewani” kila jioni, akaridhika. Kumbe aliyekuwa hewani ni mjukuu, aliyefurahi kwamba wiki hiyo babu hamnyang'anyi simu! Binti wa mzee, aliyeko Mwanza, ndiye aliyeshuku, akampigia jirani. Basi habari ile ilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda, na zaidi ya kilomita 1,000 kurudi, ili ipate kuvuka ukuta wa matofali wenye unene wa inchi 6. Mzee alipelekwa hospitali, na namshukuru Mungu kwamba amepona.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Simu hutuletea habari ambazo mwenyewe amependa kuzitoa. Hodi ilituonyesha zile ambazo hakuzisema: jiko lililopoa tangu jana, mtoto asiyekwenda shule, mke mwenye jicho lililovimba. TANU ilipoanzisha mfumo wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, balozi hakuwa na mtambo wowote wa kupokelea habari. Alikuwa na miguu yake, na sauti ya kuita hodi.

Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alitukumbusha methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wapo wanaoitumia methali hiyo kuwatishia wageni. Wanasahau kwamba huwezi kumpa jembe mgeni ambaye hukumfungulia geti.

Sisemi tubomoe kuta wala tutupe simu. Naomba jambo moja dogo: kila mmoja wetu achague nyumba mbili za jirani, hasa za wazee, wajane na wagonjwa, apite mara moja kwa wiki na kuita hodi kwa kinywa chake. Nasi wenyeji tuache kuuliza, “Mbona hukupiga simu?” Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na waliijua maana ya neno kupona.

Kwa Ndugu Mwenyekiti nitapita Jumamosi. Saa sitaitaja, na mchuzi usiongezwe maji.