Afande, Mwambie Anapokwama

Mwishoni mwa mwaka 2013 kikosi cha Marine cha Marekani kiliahirisha sharti lililokuwa lianze Januari 2014: kila mwanajeshi wa kike aning'inie kwenye bomba na kujivuta angalau mara 3, kidevu kipite juu. Katika kambi ya Parris Island, South Carolina, asilimia 55 ya makuruta wa kike walikuwa wameshindwa. Wengi wakahitimisha kwamba miili ya wanawake haiwezi. Mimi nauliza walikuwa wakiambiwa nini walipokuwa pale juu.

Kimaumbile, mwanamke kwa wastani ana misuli kidogo zaidi ya mikono na mabega kuliko mwanamume. Hilo halina ubishi. Lakini katika wiki za mwanzo za mazoezi ya nguvu, kinachoongezeka zaidi ni uwezo wa neva kuiamrisha misuli ifanye kazi pamoja, kabla hata misuli yenyewe haijanenepa. Na hapo ndipo neno la mwalimu lina uzito.

Mtazame kuruta amening'inia, mabega yamepanda hadi masikioni, miguu inatapatapa. Afande anafoka, "Vuta! Vuta!" Jamani, si ndiyo anavuta? Afande mwingine anasogea karibu: "Sahau mikono. Lilete bomba kifuani." Akishuka anaambiwa, "Leo umekwamia usawa wa paji la uso, juzi hukufika hapo." Mtafiti Gabriele Wulf ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu anayeelekeza akili kwenye kitu anachokivuta hufanya vizuri kuliko anayefikiria viungo vyake.

Kelele nazo zina kazi, kwani anayehimizwa hujikamua zaidi. Ninayemwogopa ni afande anayewahurumia mabinti, anayesema "inatosha, mmejitahidi" na kupita. Huyo amekwisha kuwakatia tamaa, nao wanalisikia hilo.

Nawafikiria mabinti wetu wanaomaliza kidato cha 6 na kuripoti Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengi hawajawahi kushika chuma maishani. Wakufunzi wao wafundishwe namna ya kuzungumza na kuruta kwa uzito uleule wanaofundishwa kwata. Na kila kombania iwe na daftari: binti huyu wiki hii kavuta mara ngapi, kakwamia wapi, na kaambiwa nini.