Nusu Saa ya Kwanza
Maneno ya kamati ya miradi katika mkutano wa mwaka wa harambee



Kamati ya miradi imetakiwa kueleza kwa nini mwaka huu imeweka moto na uokoaji mbele ya madawati na mbele ya ukumbi. Tutaeleza. Lakini kwanza tulimalize jambo la gari, kwa sababu tunajua wengine wenu mmekuja nalo mfukoni.

Kila tunapokutana yuko ndugu anayesimama na kusema tuchange tununue gari la zimamoto, lililotumika, kutoka Japani, tuandike jina la chama ubavuni. Makofi yanapigwa. Hata sisi tumewahi kupiga makofi hayo. Ila tulipokaa na kulihesabu jambo lenyewe, tuliona kwamba gari ndiyo sehemu rahisi. Tangu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, kazi hii imo mikononi mwa jeshi moja la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Zamani vikosi vilikuwa vya halmashauri, sasa sivyo. Gari letu lingehitaji askari waliofunzwa, dereva wa zamu usiku na mchana, dizeli, matairi na vipuri. Chama cha watu wa nyumbani hakiwezi kuyabeba hayo mwaka hadi mwaka.

Halafu kuna maji. Chukueni gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja ukimwaga lita 500 kwa dakika, maji yamekwisha kwa dakika 10. Baada ya hapo gari linarudi kutafuta maji. Sasa nani hapa hajui habari ya maji ya kwetu? Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu juu, mvua ikinyesha inazama. Mito haipo. Bibi zetu waliteremka makorongo alfajiri na kurudi na mtungi mmoja jua likiwa utosini. Tangu miaka ya 1950 maji ya Newala yanasukumwa kwa mashine kutoka bondeni, na mpaka leo chanzo cha Mitema ndicho tegemeo. Masasi wana chemchemi za Mbwinji, wanashirikiana na Nachingwea, na watani zetu wa huko chini hupenda kutukumbusha. Lakini hata Masasi bomba la mtaani halikuwekwa kwa ajili ya kuzima moto. Swali tunalokutana nalo vijijini ni hilohilo: maji ya kunywa yanatushinda, ya kuzimia moto yatoke wapi?

Kwa hiyo gari likitoka mjini, likapanda mlima, likafika kijijini, moto umekwisha kuamua. Hatusemi hivyo kumlaumu askari. Tunasema kwamba nusu saa ya kwanza ni ya majirani, na fedha zetu zingefaa ziende kwenye nusu saa hiyo.

Mwaka wa moto kwetu una majira yake kama mwaka wa kilimo. Unaanza nyasi zinapokauka, mwezi wa sita hivi. Mtu anasafisha shamba, anachoma takataka saa saba mchana upepo ukivuma. Vijana wanachoma pori kutoa panya. Mrina asali anaacha kienge kinafuka chini ya mti. Moto ukivuka mpaka unaingia kwenye mikorosho ya mtu mwingine, na mkorosho si mhindi kwamba utapanda tena mwakani. Miche mipya itachukua miaka mitatu au minne kuanza kuzaa, na miaka zaidi kufikia mzao wa ule mti wa babu ulioungua mchana mmoja. Dawa yake haihitaji mchango mkubwa: njia ya moto iliyopaliliwa kuzunguka shamba, kuchoma asubuhi na mapema au jioni upepo ukitulia, majirani wakiwa na habari, na watu wakiwa na matawi mabichi na majembe mkononi mpaka moshi uishe.

Majira hayohayo ndiyo ya salfa. Tunapulizia kuzuia ubwiriunga, na hakuna korosho bila salfa. Lakini mfuko wa salfa unalala wapi usiku? Chumbani, karibu na mota, karibu na dumu la petroli ya mota, na pengine koroboi iko mezani. Salfa inashika moto upesi, na moshi wake unakaba koo na kuchoma macho. Mtu anaweza kuanguka kabla ya kuuona mlango. Ikiungua, usiimwagie maji kwa nguvu, kwa maana unga utaruka na kuwaka hewani. Ifunike kwa mchanga mkavu, taratibu, au inyunyizie maji kama unavyonyunyizia mboga. Petroli nayo usiimwagie maji kabisa, itaelea juu yake na kutembea nayo. Mchanga tena. Mchanga tunao, Mungu ametupa kuliko tunavyohitaji. Tunachokosa ni ndoo yenye mchanga iliyokaa mahali pake, na banda dogo la salfa lililo mbali na mahali pa kulala.

Kisha korosho zinaanza kuanguka, na kuanzia Oktoba magunia yanajaa maghala ya vyama vya msingi. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza Mtwara mwaka 2007, korosho za mamia ya wakulima hukaa chini ya paa moja zikisubiri mnada. Ganda la korosho lina mafuta makali, yale yanayobabua vidole, na mafuta hayo yakishika moto yanawaka kwa nguvu na kutoa moshi mzito mweusi. Ghala likiungua, zinaungua ada za shule za mwaka mzima, mabati ya nyumba, mahari, na deni la duka. Na ghala hilo mara nyingi lina mlango mmoja, waya za umeme zilizoungwa na fundi wa mtaani, na mlinzi mwenye jiko la mkaa. Kukagua majengo ni kazi ya jeshi kisheria, na ukaguzi unatozwa ada. Tunajua viongozi wa vyama vya msingi huiona ada hiyo kama kero. Sisi tunaiona ndogo mbele ya gunia moja.

Msimu huo pia ni wa mabibo, na penye mabibo kuna watu wanaochemsha nipa usiku vichakani na uani. Hatutaji mtu. Tunasema tu kwamba kile kinachotiririka kwenye mrija kinawaka kama petroli.

Mvua zikija, moto unapumzika na uokoaji unaanza. Kuta za udongo zinalowa na kuanguka. Malori ya korosho yanateleza kwenye miteremko. Magari ya mafuta yanayopakia Mtwara kwenda Songea hupita Masasi, na likipinduka mojawapo, kumbukeni Morogoro, 10 Agosti 2019: watu walikimbilia mafuta yaliyomwagika na madumu mkononi, na waliokufa walizidi 100. Askari yeyote wa uokoaji atawaambia kazi ya kwanza pale ni kuwarudisha watu nyuma. Hiyo kazi mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuianza kabla king'ora hakijasikika.

Na visima. Nyumba nyingi za Newala zimechimba visima vya kuvunia maji ya bati, na ni jambo la kujivunia. Lakini kisima kisicho na mfuniko humeza mtoto. Na kisima kilichofungwa muda mrefu kinaweza kukosa hewa safi: anaingia mtu kusafisha, anazimia, ndugu yake anaruka kumfuata, naye hatoki. Wa pili anakufa kwa upendo. Mafunzo ya siku moja yanatosha kuwaonyesha vijana wa kijiji jinsi ya kumfunga kamba anayeshuka, jinsi ya kupitisha hewa kwanza, na kwa nini pampu ya petroli haishushwi kisimani.

Tuliobaki nayo moyoni kuliko yote ni mabweni. Wengi wenu mmelala Ndanda, Chidya, Masasi Wasichana. Mnakumbuka nondo za madirishani na kufuli la usiku. Mwaka 1994 kule Shauritanga, Rombo, moto uliua wasichana zaidi ya 40 bwenini. Septemba 2020 watoto 10 wa shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, waliungua usiku wakiwa wamelala. Ni miaka 26 katikati, na bado katika shule zetu kuna bweni ambalo funguo yake iko kwa mtu mmoja aliyelala nyumba ya pili. Mlango wa pili unaofunguka kwa ndani, dirisha moja lisilo na nondo, kengele, na zoezi la kutoka gizani mara moja kwa muhula: hivyo vinaweza kufanywa kabla ya likizo ijayo.

Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alitumia kasia kwenye mlango wa ndege. Watu 24 walitoka hai, 19 hawakutoka. Baadaye Serikali ikaelekeza kijana huyo achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tunamtaja kwa sababu alikuwa jirani tu, mwenye chombo cha kazi yake mkononi. Wavuvi wana kasia. Sisi tunataka vijana wetu wawe na kitu.

Tunachoomba mwaka huu ni hiki. Matangi ya lita 5,000 yatakayosimama penye mabweni, masoko na maghala, yavune maji ya paa, yawe na koki inayoingia mpira wa gari la zimamoto, ili gari likifika likute maji badala ya kuyafuata. Tangi hilo lisichotwe kwa matumizi mengine. Kijiji kitakachokubali sharti hilo kwa muhtasari wa mkutano mkuu ndicho kitakachotangulia. Ndoo za mchanga, kamba imara, ngazi, majembe na filimbi, vikae kwa mtu anayejulikana. Na gharama za kuwaleta askari wa zimamoto kufundisha, chakula na mafuta yao. Wamiliki wa shule na maghala wabebe milango yao wenyewe; hilo tutalisimamia kwa maneno, si kwa fedha zenu.

Halafu kuna kitu kimoja cha bure. Namba ni 114. Piga moto ungali mdogo, kabla ya kupiga picha. Taja wilaya, kijiji, kinachoungua, kama kuna watu ndani, na njia ipi gari lipite, kisha tuma mtu mwenye tochi asimame njia panda. Waandikieni wazee nyumbani namba hiyo ukutani kwa mkaa ikibidi.

Fomu ya ahadi iko mwisho wa kijitabu hiki. Anayetaka mchango wake uende kijiji fulani au shule aliyosoma aandike jina la mahali hapo pembeni. Mweka hazina yuko meza ya mlangoni mpaka saa kumi na mbili jioni.