Rezo yetu, tuongee karibu kwanza

Wandugu wa Lubarika, mama, baba, vijana,

Tunataka rezo yetu wenyewe, sawa wenzetu wa Idjwi na Pamoja Net yao. Kila antena itabebea jirani ujumbe. Lakini tusidanganyane: mwaka 2000 Gupta na Kumar walionyesha kwa hesabu kwamba watu wakiongezeka mara 4, fungu la kila mmoja linashuka mpaka nusu, hata chini. Juu hewa ni moja: mmoja akiongea, majirani wanangoja, na ujumbe wa mbali unapita kwa wengi.

Basi habari za usalama na bei ya muhogo zikae kwenye seva ya hapa kijijini. Njia ya Uvira tuiachie ya lazima. La sivyo, siku ya hatari, tangazo litakwama nyuma ya video.

Tuko pamoja.