Kichwa cha Habari si Habari

Ndugu zangu viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mmeniomba tuongee juu ya magazeti, maana habari nyingi zinazoletwa mikutanoni zinatoka humo, na nyingine zimetuletea fitina.

Kuna gazeti la karatasi pana, lile ukilikunjua ndani ya matatu jirani analalamika. Na kuna dogo, kama nusu yake. Kule Uingereza, mwaka 1712, serikali ilitoza magazeti kodi kwa hesabu ya karatasi, na wachapaji wakapanua kurasa. Kodi ilifutwa 1855 lakini upana ukabaki kama heshima: safu nyingi, herufi ndogo, habari sita au saba ukurasa wa kwanza. Msomaji wake alikuwa mfanyabiashara, wakili, mtu mwenye meza na nafasi. Gazeti dogo lilimtafuta mfanyakazi aliye safarini. Huyo ananunua kwa kutupa jicho tu, kwa hivyo ukurasa wa kwanza ni picha moja na maneno matatu makubwa, na habari yenyewe iko ndani.

Hapo ndipo mimi nilianguka. Niliona picha ya kijana wa mtaa wetu chini ya kichwa kuhusu wizi. Nikasimulia nyumba mbili kabla sijafungua ndani. Ndani iliandikwa kwamba yeye ni shahidi. Kwenda kumwomba mama yake msamaha, jamani, ilikuwa safari ndefu.

Lakini msiseme basi dogo ni ovu. Daily Nation, lililoanza 1960, ni dogo kwa umbo, na wakubwa wa serikali wanalisoma. Hata The Times la London, pana tangu zamani, lilihamia umbo dogo mwaka 2004. Ukubwa wa karatasi haukuambii kitu. Tazameni pengo kati ya kichwa na habari.

Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa uwanjani Hillsborough, na waliokufa wamefikia 97. Siku nne baadaye gazeti dogo The Sun liliandika ukurasa mzima wa kwanza, kwa herufi kubwa, neno lenye maana ya UKWELI, na chini yake kwamba mashabiki waliwaibia maiti. Ilikuwa uongo. Radhi ya ukurasa wa kwanza ilikuja 2012, na mwaka 2016 baraza la mahakama likasema mashabiki hawakuwa na lawama. Hebu fikirieni wale wazazi, miaka yote hiyo! Liverpool wengi hawalinunui hadi leo.

Haya, nimeleta magazeti mawili ya juzi. Mama Katekista, soma kichwa kwa sauti. Wewe kijana wa nyuma, fungua ukurasa wa 5 utuambie nani ametajwa kuwa ndiye aliyesema hayo.